Barua ya wazi kwa tajiri wangu: lori limelipwa, dereva bado

Kwa: Mkurugenzi,
Kampuni ya usafirishaji wa mizigo (jina nimelihifadhi)

Yah: AJALI YA LORI MTEREMKO WA IWAMBI NA HAKI ZA DEREVA ALIYEUMIA

Ndugu Mkurugenzi,

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ningependa mambo haya tuyamalize ofisini kwako, mlango umefungwa, bila mtu wa tatu kusikia. Nimejaribu nikashindwa. Simu zangu hazipokelewi, meseji zinaonyesha zimesomwa, na kaka yangu amekuja getini kwako mpaka mlinzi amemzoea. Barua niliyoandika kwa mkono ilipokelewa na kugongwa muhuri, nakala ninayo. Jibu pekee nililopata lilipitia kwa meneja wako wa usafiri: "Tajiri amesema apone kwanza." Kupona kuna gharama, Mkurugenzi, na ugomvi wetu wote uko hapo.

Jina lako na la kampuni sitalitaja. Malori yako yamebeba wenzangu, na sitaki wazomewe kwenye mizani ya Mpemba au foleni ya Tunduma kwa jambo ambalo si lao. Wewe utajijua, na nadhani matajiri wengine kadhaa watajiona pia.

Kwa asiyejua kilichotokea, nitaeleza kwa kifupi. Ilikuwa mwezi Machi, alfajiri, mvua ya Mbeya ile isiyokata. Nilikuwa natoka Dar es Salaam na semi-trela lenye mafuta ya kula na bidhaa za dukani, naelekea Tunduma. Kitonga nilipandisha salama, Mlima Nyoka nikapita. Kushuka Iwambi kuelekea Mbalizi niliingia na gia nzito kama inavyotakiwa, lakini mshale wa upepo kwenye dashibodi ukaanza kushuka, na kila nikikanyaga breki pedali inazama bila kushika. Mbele kulikuwa na bajaji mbili na watu wanaotembea pembeni kwenda kazini. Nikalipeleka lori kwenye ngema. Kichwa kiliparaza udongo, tela likasukuma kutoka nyuma, gari likalala ubavu wa kulia, upande wangu. Utingo alitoka na michubuko. Hakuna gari lingine lililoguswa wala mtu wa barabarani aliyeumia. Wakazi wa pale walinitoa kupitia kioo cha mbele huku wenzao wakiokota madumu ya mafuta. Namshukuru Mungu kwamba kundi la kwanza lilikuwa kubwa kidogo kuliko la pili.

Mfupa wa paja la kulia ulivunjika na nyonga ikachomoka. Nina vyuma mguuni na natembelea magongo. Udereva ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Baada ya hayo, malalamiko yangu ni haya.

1. Kila kitu kilichokuwa barabarani asubuhi ile kilikuwa na bima isipokuwa mimi

Lori lako lilikuwa na bima kubwa. Mzigo wa mteja ulikuwa na bima yake ya usafirishaji. Nikiwa bado wodini nimefungwa uzito mguuni, mthamini wa kampuni ya bima alifika yadi ya polisi na kamera na futi ya kupimia. Utingo wetu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Alipima chesisi ilivyopinda, akaandika taa moja moja, akahesabu matairi yanayofaa na yasiyofaa, hata kioo cha pembeni kilichopasuka akakiweka kwenye orodha. Mguu wangu hakuuandika, na simlaumu, maana hakutumwa kwa ajili yake. Leo nasikia malipo yametoka, na kichwa kingine cha rangi ileile kimeonekana Makambako kikipandisha na tela jipya.

Watu wengi hudhani gari likiwa na stika ya bima, basi kila aliyemo amekatiwa. Hata mimi nimekutana na madereva wazoefu wanaosema hivyo. Bima ndogo, ile ya lazima kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ipo kwa ajili ya watu wengine ambao gari lako linaweza kuwadhuru. Ningemgonga yule wa bajaji, yeye au familia yake wangekuwa na pa kudai. Lingekuwa lori la mtu mwingine limenigonga mimi, ningedai kwenye bima ya lori hilo. Lakini gari likipinduka lenyewe, dereva hana wa kumdai ng'ambo ya barabara, na sheria hiyo hailazimishi bima yako imlipe mwajiriwa wako aliyeumia akiwa kazini kwako. Bima kubwa inaongeza ulinzi wa gari lenyewe. Inaweza pia kuwekewa kipengele cha ajali binafsi kwa dereva na utingo kwa malipo ya ziada, lakini lazima mwenye gari akiombe na akilipie.

Je, ulikilipia? Sijui, kwa sababu hujataka nione mkataba wa bima. Nilipokwenda tawi la kampuni iliyokukatia, kijana wa mapokezi aliniambia kwa upole kabisa, "Kaka, mteja wetu ni kampuni, siyo wewe." Nikarudi kwako, nawe ukawa safarini.

2. Taarifa ya ajali haijapelekwa WCF

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na naomba ulisome mara mbili.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ukaanza kupokea michango Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Kiwango kwa sekta binafsi kilikuwa asilimia 1 ya mishahara, kikashushwa mpaka 0.6, na sasa ni asilimia 0.5. Tupige hesabu pamoja. Dereva wa mshahara wa shilingi 500,000 anakugharimu shilingi 2,500 kwa mwezi. Pale Igawa, sahani ya wali nyama inazidi hapo, na mimi nimekula mamia ya sahani hizo nikikupelekea mizigo.

Kwa fedha hiyo mfuko unabeba matibabu ya aliyeumia kazini. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, analipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa kipindi kinachoweza kufika miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu kuna fidia yake, akihitaji mtu wa kumhudumia kuna posho yake, na akifa wategemezi wake hawaachwi hivihivi. Na tofauti na kesi za mahakamani, mfuko hauanzi kwa kuuliza nani alikuwa mzembe. Unauliza kama umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Mimi nilikuwa kwenye usukani wako, na mzigo wa mteja wako, kwenye njia uliyonipangia.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba tangu aipate. Wewe uliipata asubuhi ileile. Utingo alikupigia kabla hata winchi haijafika. Siku saba zimepita zamani. Mfanyakazi naye ana miezi 12 ya kudai, na hiyo nayo inakatika huku nikiambiwa nipone kwanza. Nikingoja mpaka nipone, nitakuwa nimepona na haki imekufa.

Nimeanza kupeleka taarifa mwenyewe, nikiwa na PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), vyeti vya hospitali na maelezo ya utingo. Lakini faili la namna hiyo bila maneno ya mwajiri linachechemea kama mimi.

3. "Wewe ni deiwaka"

Hii ndiyo kauli ya meneja wako kila nikimtajia WCF. Anasema sikuajiriwa, nilikuwa deiwaka, kwa hiyo kampuni haihusiki.

Tuwe wakweli. Deiwaka anashika gari siku ambayo mwenye gari lake anaumwa au amefiwa. Mimi nimekaa na gari lako miaka. Funguo nilikuwa nalala nazo. Fulana ya kampuni ninayo, kitambulisho ninacho, mileji, yaani posho ya safari, ulikuwa unanitumia kwa simu na miamala yote ipo. Nilipotaka kubeba mzigo wa mtu mwingine wakati wa kurudi nilikatazwa, na nilitii.

Mkataba wa maandishi kweli sina, lakini ni kwa sababu hukunipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Tena kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwepo hata moja ya dalili zilizotajwa pale: kazi yake inaelekezwa na mwingine, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea huyo kwa kipato, amepewa vitendea kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Saa 45? Dar mpaka Tunduma kwenda na kurudi mara moja tu zinakaribia kuisha. Kama lori la magurudumu ishirini na mbili si kitendea kazi, sijui ni nini.

Mwaka 2015 madereva tuligoma nchi nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai. Zikaundwa kamati, tukarudi barabarani. Baada ya miaka yote hiyo bado tunaitwa deiwaka siku ya kuvunjika.

4. Breki

Sikupanga kuliweka hili hadharani. Umenilazimisha, maana nimesikia unasema ofisini kwamba nilisinzia.

Wiki moja kabla ya safari ile nilimwandikia fundi wako kwamba upepo unavuja na lainingi za tela zimekwisha. Alinijibu kwa sauti, na sauti hiyo ninayo: "Peleka hii tripu kwanza, ukirudi tunafungua." Sikurudi. Polisi walileta mkaguzi wa magari baada ya ajali, na ripoti yake imo kwenye jalada. Naiomba. Kama inasema breki zilikuwa nzima, nitakuomba radhi kwa herufi kubwa kuliko hizi.

Lakini hata tukiuweka ubishi wa breki pembeni, bado haufuti hoja ya 2. Kwa WCF sihitaji kushinda kesi ya breki. Ukiamini kwamba nilipindua gari kwa makusudi, hilo ni dai zito, lipeleke lenyewe na ushahidi wake, usilinong'one kwa makarani.

5. Bahasha na karatasi

Nakushukuru kwa fedha uliyotuma siku nilipolazwa. Ilisaidia kulipia picha na damu. Upasuaji tumeulipia sisi: mke wangu ameacha genge lake Mwanjelwa ili kuniuguza, na wazee Tukuyu wameuza parachichi zikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye shida. Bima ya afya sikuwa nayo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ipo, nayo nitaishughulikia nikiweza kupanga foleni kwa mguu mmoja.

Nililoshindwa kulikubali ni bahasha ya pili, iliyokuja na karatasi ya kusaini kwamba nimepokea "msaada wa kibinadamu" na sitakuwa na madai yoyote kwa kampuni. Sikusaini. Nilimrudishia mjumbe wako vyote viwili, akaondoka amechukia kidogo, nadhani alikuwa ameahidiwa nauli.

Najua mtakachosema baada ya kusoma haya. Mtasema biashara ni ngumu, dizeli imepanda, marejesho ya benki hayasubiri. Naamini, maana mimi ndiye niliyekuwa najaza hiyo dizeli. Lakini hakuna mahali nimekuomba uingize mkono mfukoni unilipie mguu. Naomba ufungue mlango wa mfuko uliowekwa kwa ajili hiyo, ili usibebe mzigo huu peke yako. Ukikwepa shilingi 2,500, unabaki na mtu mwenye vyuma mguuni anayeandika barua kama hii.

Wengine watasema tatizo ni barabara, tungoje njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi ikamilike. Ijengwe haraka, na hakuna atakayefurahi kuliko madereva. Lakini lami mpya hairudishi upepo kwenye breki, wala haijazi fomu ya mtu aliyekwisha kuumia.

Na wapo watakaosema nimeharibu, kwamba dereva anayemwandika tajiri wake hapati usukani tena Mbeya nzima. Inawezekana. Kwa sasa siwezi kukanyaga klachi, kwa hiyo tishio hilo limenikuta sina cha kupoteza.

Ninayoomba ni haya:

a) Ndani ya siku 14 tangu barua hii itoke, upeleke WCF taarifa ya ajali pamoja na uthibitisho wa ajira yangu, na uandike mshahara wa kweli, siyo ule wa kupunguzia mchango.

b) Unipe nakala ya mkataba wa bima wa gari, kurasa zote na viambatisho vyake, nijue kama kipengele cha ajali binafsi kwa dereva kilikuwepo. Kama kilikuwepo na fedha imetoka, tuambiane ilikwenda wapi.

c) Usizuie nakala ya ripoti ya mkaguzi wa magari na ramani ya ajali nitakapoziomba polisi.

d) Umrudishie mke wangu gharama za upasuaji ambazo risiti zake nimeshaleta, kama mkopo ukitaka, tutakatana fidia ikitoka.

e) Wale vijana uliobaki nao uwape mikataba ya maandishi kabla ya tripu ijayo, na cheti chako cha usajili wa WCF ukitundike pale ofisini wanapochukulia mileji, wakione kwa macho. Kama cheti hakipo, jisajili. Utakuwa umechelewa, lakini heri hivyo.

Kwa kampuni ya bima, ambayo nayo siitaji, nina ombi moja. Mnapomkatia mtu bima ya lori, mwulizeni pale pale kaunta: "Na dereva je?" Mwandike jibu lake kwenye fomu. Kama jibu ni hapana, dereva apewe kujua kabla hajawasha gari.

Madereva wenzangu, stika ya bima mnaweza kuihakiki kwa simu kupitia mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Hakikini, lakini msiishie hapo. Ulizeni bima ile ni ndogo au kubwa, ulizeni kipengele cha dereva, ulizeni namba ya mwajiri WCF. Tunzeni miamala ya mileji. Na mkilalamikia breki, lalamikeni kwa maandishi.

Mkurugenzi, siku 14 zikipita kimya, nitaendelea na WCF bila wewe, suala la ajira nitalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na lile la mkataba wa bima nitalifikisha kwa Kamishna wa Bima na kwa msuluhishi wa migogoro ya bima. Ukinipigia kabla ya hapo, simu yangu iko wazi, na nitaandika hadharani vilevile kwamba umenisikiliza.

Naomba kuwasilisha.

Dereva wako,
Mbeya

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi
Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania
Ofisa Kazi Mfawidhi, Mkoa wa Mbeya